Kreatinini moja hainitoshi

Wengi wanaokaa mbele yangu na kusema "daktari, figo zinaniuma" wana mgongo tu. Figo huchakaa kimyakimya. Anayenifanya niweke kalamu chini ni yule aliyefuata dawa za presha, kisha wakati anaaga anataja kwamba viatu vinamwingia asubuhi, jioni vinambana.

Namrudisha kitini. Nabonyeza muundi kwa kidole gumba, nasubiri kidogo, naachia: kishimo kinabaki? Mkojo una povu lisilokwisha? Una rangi ya chai? Kisha dawa, na hapa siharakishi, maana diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kudhuru figo, wengi hawaihesabu kuwa dawa. Uliza "unatumia dawa gani?" utajibiwa hakuna. Uliza "goti likiuma unameza nini?" utaambiwa yote.

Halafu majibu ya maabara. Kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huichuja, hutokana na misuli, kwa hiyo namba ile ile husema mambo tofauti kwa watu tofauti. Chukua mikromoli 95 kwa lita. Kwa kijana wa kiume wa miaka 25, fomula ya CKD-EPI ya 2021, inayotumia kreatinini, umri na jinsia, inakadiria uchujaji wa figo wa takriban mililita 98 kwa dakika; kwa bibi wa miaka 78, takriban 53. Na bibi huyo akiwa amekonda, huenda hata hiyo 53 ni sifa za bure.

Ndiyo maana siachi mkojo. Kijiti cha kuchovya hakioni albumini, yaani protini ya damu, ikiwa kidogo. Napendelea uwiano wa albumini na kreatinini, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Ukifika miligramu 30 kwa gramu naurudia, kwa sababu homa au mazoezi makali huweza kuupandisha kwa muda. Ugonjwa sugu wa figo hautangazwi kwa kipimo cha siku moja: kasoro lazima idumu zaidi ya miezi 3. Karatasi ya mwaka jana iliyokunjwa ndani ya pochi hunisaidia kuliko vipimo vipya vingi.

Ila kreatinini iliyoruka ndani ya siku chache haingojewi miezi. Napima potasiamu siku hiyo hiyo, maana ikipanda huvuruga moyo, kipimo cha umeme wa moyo, na altrasaundi kuona kama njia ya mkojo imeziba, hasa kwa mzee ambaye tezi dume yake imekua. Figo zikionekana zimesinyaa, tatizo ni la zamani. Zikiwa na ukubwa wa kawaida kwa mwenye kisukari, sijifariji: hizo huweza kuharibika bila kusinyaa.