Usiku Mmoja wa Baridi Karibu na Tukuyu

Tulitoka Iringa alfajiri ya siku moja ya likizo ya Juni, mimi, mke wangu, mama yangu mzazi na watoto wetu wawili, tukikusudia kukaa siku nne wilayani Rungwe ili mama, aliyezaliwa huko na kuolewa mbali, awaonyeshe wajukuu wake Daraja la Mungu na Ziwa Ngosi. Uyole tuliiacha barabara ya Tunduma, tukakata kushoto, na tulipofika Isongole ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba taa za gari hazikumulika zaidi ya hatua chache.

Nyumba tulikuwa tumeikodi kwa kutazama picha, na malipo yote tuliyatuma kwa simu kama mwenyewe alivyotaka. Kwa nje ilipendeza. Lakini baraza la nyuma lilikuwa ukingoni mwa korongo bila kizuizi chochote, mlango wa upande huo ulifungwa kwa kufuli ambalo msimamizi hakuwa na ufunguo wake, na madirisha yote yalikuwa na nondo zilizochomelewa. Mke wangu alipofungua bomba la bafuni lilimpiga shoti. Nikakuta nyaya za hita zimeungwa kwa utepe wa plastiki tu, nami nikazima swichi kubwa ya umeme papo hapo.

Juni ni mwezi wa baridi kali katika nyanda hizi, na Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, huuteremshia mji upepo unaopenya blanketi. Tulipolalamika, msimamizi alituletea jiko la mkaa, akaliweka katika chumba cha mama na watoto na kutuhakikishia kwamba mkaa ukishakolea na moshi kwisha, hauna madhara. Nilimwamini. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu mkaa usiotoa moshi bado hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu na kuizuia kubeba oksijeni, na mtu aliyelala huweza kufa bila kuzinduka. Matundu ya hewa juu ya madirisha sikuyatazama hata mara moja.

Usiku wa manane nilisikia sauti ya mama ikiniita kwa taabu, "Mwanangu, amka, mtoto haitiki." Kichwa kilikuwa kinamwanga na miguu ilikuwa haina nguvu, lakini alikuwa amejikokota hadi mlangoni. Binti yetu wa miaka sita alikuwa amelegea, na kaka yake alikuwa akitapika. Tuliwabeba kupitia mlango mmoja uliokuwa ukifunguka, tukawalaza kwenye majani yaliyolowa umande, na baada ya dakika ambazo siwezi kuzihesabu binti alianza kulia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Hospitalini walimwekea oksijeni hadi asubuhi. Daktari wa zamu aliuliza swali moja tu kuhusu chumba, kama hewa ilikuwa na pa kutokea, nami sikuwa na jibu.

Tulirudi mchana kuchukua mizigo. Nilimpigia simu mwenye nyumba. Aliposikia habari ya mtoto alinipa pole, kisha akasema fedha hairudishwi kwa kuwa tulikuwa tumeshalala. Sikutaka kubishana naye kuhusu fedha. Nilimwomba aondoe lile jiko na kuyafungua matundu, akanijibu kwamba aliyaziba kwa sababu wageni waliotutangulia walilalamikia baridi.

Mama alikuwa garini, watoto wakiwa wamemwegemea, na ule mji aliotamani kuwaonyesha alikuwa anautazama kupitia kioo. Nilipanda juu ya kiti katika kile chumba, nikachomoa mifuko ya nailoni na matambara kutoka tundu moja hadi jingine, vyumba vyote, nikamkabidhi msimamizi mrundo wote mikononi. Aliupokea bila kusema neno. Kisha tukaondoka kuelekea Uyole, madirisha ya gari yakiwa wazi katika baridi ileile.