Kreatinini ya bibi isisomwe kama ya kijana

Mama wa miaka 72 anapokea majibu ya figo: kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huitoa kwa mkojo, ni 95 µmol/L. Fomu ikiwa imechapwa kiwango kimoja kwa watu wote, tuseme 53 hadi 115, anaambiwa yuko sawa na anarudi nyumbani. Sasa weka namba hiyo kwenye fomula ya CKD-EPI ya 2021 pamoja na umri na jinsia: kasi ya figo kuchuja damu, yaani eGFR, inatoka kama mililita 55 kwa dakika. Kijana wa kiume wa miaka 25 mwenye 95 hiyohiyo anapata 98.

Kreatinini inatokana na misuli. Mwenye misuli michache huzalisha kidogo, kwa hiyo hata figo zikichoka namba haipandi sana. Ndiyo maana kwa bibi aliyekonda hata eGFR yenyewe huweza kusifia figo kuliko zinavyostahili.

Vikokotoo vipo bure mtandaoni, ila angalia kizio kabla ya kujaza. Majibu yakiwa ya mg/dL, zidisha kwa 88.4 upate µmol/L.

Usimpe mtu jina la mgonjwa wa figo kwa kipimo kimoja. eGFR ikae chini ya 60 kwa miezi 3 au zaidi, au kuwe na dalili nyingine ya figo kuharibika kwa muda huohuo. Nyama iliyopikwa hupandisha kreatinini kwa saa kadhaa, hivyo asile nyama kwa saa 12 kabla ya kutolewa damu. Kuharisha na kutapika hupandisha pia, kwa sababu mwili umekauka. Septrini, dawa ya kuua bakteria, ina hila yake: huzuia figo kutoa kreatinini kwenye mkojo, namba ikapanda ilhali uchujaji haujabadilika.

Kama pesa inatosha kipimo kimoja tu cha nyongeza, sisi tungechagua uwiano wa albumini (protini ya damu) na kreatinini kwenye mkojo wa kwanza wa asubuhi. Chini ya 3 mg/mmol ni sawa. 3 hadi 30 figo zimeanza kuvujisha albumini. Zaidi ya 30 uvujaji ni mkubwa. Kijiti cha kuchovya kwenye mkojo hakitoshi, kinaweza kukosa uvujaji mdogo. Akiwa na homa au UTI, atibiwe kwanza ndipo apime.

Sistatini C ni protini inayotolewa na karibu seli zote za mwili, hivyo haitegemei misuli kama kreatinini. Huwa ghali na si kila maabara inayo. Iombwe pale eGFR ya kreatinini inapotia shaka: bibi amekonda sana, amekatwa mguu, au amekuwa kitandani muda mrefu. Ikipatikana, zitumike zote mbili kwenye fomula moja. Lakini prednisoloni (dawa ya steroidi), tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, unene na sigara huipandisha bila figo kuwa na kosa.

Halafu uliza kuhusu magoti. Wamama wengi wa umri huu wanameza dawa za maumivu, diklofenaki au ibuprofeni, za kununua dukani, na hawazihesabu kama dawa. Zikikutana na dawa za presha kama losartani au enalapri pamoja na dawa ya kukojoza, figo zinaweza kuzidiwa ghafla. Za kuacha hapo ni hizo za magoti. Losartani ikianzishwa, kreatinini irudiwe ndani ya wiki 2 hadi 4, pamoja na potasiamu. Kreatinini ikipanda kwa asilimia isiyozidi 30 si sababu ya kuiacha.