Redio ya vidoti: nilivyoingia hewani bila kuuza kiwanja

Kila niliyemuuliza aliniambia redio ya masafa marefu, ile ya kuongea na wapenzi wenzako wa redio duniani (ham), si ya mtu wa mshahara wangu. Mmoja, fundi mzuri tu wa simu hapa Dar, akanishauri nichukue kile kiredio cha mkononi cha Kichina. "Si redio ni redio, bwana?" Wapi! Hicho ni cha VHF, mawimbi ya karibu tu, kikifika Mbagala ushukuru. Mimi nilitaka kuongea na Italia na Japani nikiwa nimekaa kwangu Kigamboni na chai yangu.

Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nilikuwa nayo tayari, na hilo silirefushi: usibonyeze kitufe cha kurusha kabla hujapewa alama yako ya wito, zetu za Tanzania huanza na 5H.

Redio niliipata kwa mzee mmoja aliyekuwa akihudumia redio za upepo za misheni huko bara. Kenwood TS-440S, ya miaka ya 1980, wati 100. Akaiwasha: kioo hakina namba, vidoti tu, na spika kimya. "Mwanangu, sikufichi, hii imekufa. Mafundi wameshaifungua, wanasema IC (chipu) kubwa imeungua na spea yake haipo tena duniani." Alitaka laki tano. Nikakunja uso, nikavuta miguu kuelekea mlangoni, tukaishia laki tatu na kidogo, na waya wake wa umeme akanitupia juu.

Moyoni nilikuwa nachekelea. Vidoti vile ni ugonjwa wa ukoo wa TS-440. Kiwandani walizibandika koili za VCO, yaani sehemu inayotengeneza masafa ya redio, kwa gundi ili zisitikisike. Miaka ikipita gundi ile hubadilika, inaanza kupitisha umeme, masafa yanayumba, na redio ikiona haiwezi kuyashika inajifunga yenyewe na kuonyesha vidoti. Kwa hiyo haijafa, imegoma tu. Mafundi wale walikuwa wanahangaika na IC isiyo na kosa lolote!

Nikafungua mfuniko, nikakikuta kile chumba kidogo cha bati chenye koili hizo. Gundi ilikuwa ya kahawia, imeng'ang'ania kama sukari guru iliyoungulia sufuriani. Hapo bisibisi weka mbali kabisa, maana waya wa koili ni mwembamba kuliko uzi wa cherehani. Nilitumia vijiti vya meno, pakiti nzima, na pamba iliyolowekwa tina kidogo, kidogo sana, maana tina inakula plastiki. Unalainisha, unasubiri, unakwangua, unapuliza. Kapasita mbili miguu yake ilishaliwa, nikaweka nyingine za kauri za thamani ileile. Nikamalizia na mashine ya mke wangu ya kukaushia nywele, bila kumwambia. Nilipowasha namba zikatokea, na spika ikaanza kuvuma. Nilipiga ukelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kapigwa shoti.

Antena. Msinunue antena jamani! Gawanya 143 kwa masafa yako ya megahezi, unapata urefu wa waya wote kwa mita. Kwa 7.1 ni kama mita 20, kumi huku na kumi kule, na waya huohuo unakubali pia megahezi 21. Kata mrefu kidogo halafu upunguze huku ukiangalia mita ya SWR, kipimo cha jinsi antena inavyopatana na redio (1 kwa 1 ndiyo bora). Nilitumia waya wa umeme wa nyumba, vipande vya bomba la plastiki kuwa vihami, na mnazi na mwembe kuwa milingoti. Kamba aliipandisha kijana wa jirani kwa manati: jiwe limefungwa mshipi wa kuvulia, mara ya kwanza tu likavuka kilele.

Kebo niliyotumia ni ya king'amuzi. Hapo nilitukanwa kweli: ni ya omu 75, redio inataka 50, utaichoma. Wanasahau kwamba dipoli, yaani antena hii ya waya wa pande mbili, yenyewe katikati inakaribia omu 73. SWR inayoifikia redio haizidi 1.5 kwa 1, na redio haistuki. Shida iko kwingine: wavu wa nje wa kebo hiyo mara nyingi ni wa alumini na haukubali kulehemiwa, ubane kwa konekta ya skrubu kisha ufunike vizuri mvua isiingie.

Umeme natumia betri ya gari, N70 iliyochoka kidogo, inachajiwa na paneli ya sola. Mwanzoni sauti ilikuwa inakatika nikiongea kwa nguvu, kisa waya mwembamba. Redio hii ikirusha kikamilifu inakunywa karibu ampia 20. Nikakata nyaya za kubusti gari, fupi na nene, pakatulia. Maiki haikuwepo. Nikachukua ya karaoke iliyokuwa kabatini, nikaiunga na kitufe cha kengele ya mlango kuwa swichi ya kurushia. Ila angalia: plagi ya pini nane ya Kenwood na ya Icom zinafanana sura tu, ndani mpangilio ni tofauti.

Mjumbe alikuja kuuliza zile nyaya ni za nini, nikamwonyesha leseni, akabaki kumsikiliza Muitaliano.

Kilichobaki ni kelele. Kila ikifika saa moja jioni, zzzzz, hadi stesheni dhaifu zinazama. Nikazima swichi kuu ya nyumba, redio ikabaki na betri, kelele palepale. Nikatoka na redio ndogo ya AM mkononi, nikaifuata kelele ukutani mwa jirani hadi kwenye taa yake ya barazani, LED ya bei ya chee. Nikamnunulia nyingine ya elfu nne hivi, bora zaidi, nikamwambia ni zawadi ya Idi.