Taa ya kristali: jinsi nilivyouondoa ukungu mweupe

Hatimaye inang'aa! Taa hii ya kuning'inia ilikuwa ya bibi, na vioo vyake vilikuwa vimeota ukungu mweupe. Sabuni ya maji ilitoa vumbi na grisi, ila vikikauka tu, ukungu ule ule. Siki iliutoa, nikasuuza kwa maji ya bomba, ukarudi.

Kumbe shida ni maji ya kusuuzia. Bomba letu hapa Mombasa hutoa maji ya kisima, yana chumvi, na yakikaukia kwenye kioo huacha chokaa.

Nilizima swichi kuu, nikaipiga taa picha kila upande kabla ya kufungua chochote (bila picha, kuipanga upya ni balaa). Nikatoa vipini vya shaba, maana siki huvibadilisha rangi. Nikatandika taulo ndani ya beseni vioo visigongane, nikaviloweka kwenye siki na maji vuguvugu. Kisha nikasuuza kwa maji ya betri, yale yasiyo na chumvi yanayouzwa vituo vya mafuta. Soma lebo, usije ukabeba asidi. Nikafuta kimoja kimoja papo hapo kwa kitambaa cha pamba, kabla tone halijakauka.

Nyaya zilizochakaa nilimwachia fundi umeme.