Tui likikatika

Kila nikipiga simu Tanga, baada ya shikamoo na habari za wajomba, mama hurudi palepale: "Mwanangu, huko hasa unasomea nini?" Huu ni mwaka wa tatu niko kaskazini mwa Uingereza, shahada ya uzamivu, uhandisi kemikali. Siku zote nilimjibu kwa mkato: mafuta na maji, mama. Naye: "Si hayachanganyiki hayo? Sasa cha kusomea miaka yote hiyo ni kipi?"

Jumapili iliyopita nikamjibu kwa tui. Tui la nazi ni mafuta ndani ya maji: matone madogo mno yametapakaa, na protini ya nazi imeyafunika yasishikane. Ndiyo maana tui zito likianza kupata moto hutoki jikoni, unakoroga tu. Ukiliacha linakatika, mafuta yanaelea juu.

"Hayo mbona nayajua," akasema.

Anayajua kweli. Mimi nayapima ndani ya bomba.

Bomba letu ni la plastiki angavu, limelazwa kwenye maabara kama reli. Pampu moja inaleta maji, nyingine mafuta mepesi yasiyo na rangi. Kwa mwendo wa taratibu mafuta hupita juu na maji chini, na mpaka wao umenyooka kama uzi. Ongeza kasi, uzi unaanza kupiga mawimbi. Ongeza tena, vilele vya mawimbi vinachanika na matone yanarukia upande wa pili. Kamera inanasa picha nyingi mno kwa sekunde, nami nakesha nazo nikipima tone moja moja. Sijawahi kuchoka kuyatazama.

Ila kinachoninyima usingizi ni geuko. Maji yakiwa machache, yenyewe ndiyo matone ndani ya mafuta. Yaongeze kidogo kidogo, unafika mahali mambo yanapinduka: mafuta yanakuwa matone na maji ndiyo yanayoyabeba. Karibu na hapo mchanganyiko unakuwa mzito kuliko mafuta peke yake na kuliko maji peke yake, na presha inapanda ghafla. Mara yangu ya kwanza kuliona ilikuwa Desemba, saa kumi jioni, nje giza limeshaingia. Bomba zima likawa jeupe kama tui la kwanza. Nikaikumbuka mbuzi ya nazi ya nyumbani, machozi yakanilenga.

Wa nyumbani huniuliza kama ndilo lile bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani, kwetu Tanga. Hapana. Lile, kilomita 1,443 kutoka Uganda, limekusudiwa mafuta yaliyokwisha kutenganishwa na maji, tena lazima yapashwe moto yasigande kwa nta. Mambo yangu yako nyuma ya hapo, kati ya kisima na kiwanda cha kutenganisha. Kisima kikizeeka hutoa maji mengi. Asiyejua geuko liko wapi atakosea nguvu ya pampu, na maji yakituama chini ya bomba la chuma yanalila kwa kutu.

Mwaka jana niliosha tangi kwa sabuni ya vyombo na sikulisuuza vya kutosha. Wiki tatu matone yalikataa kuungana, madogo kama vumbi, na vipimo vyote nikavifuta. Sabuni kidogo tu hulegeza mvutano kati ya maji na mafuta. Siku hizi nasuuza mara tano, na mwanafunzi mpya akija namwambia hilo kabla hata ya kumwonyesha swichi ya pampu.

Nilipomweleza mama habari ya geuko alinyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha: "Na ukianzia upande wa pili, maji mengi halafu unatia mafuta, linageuka palepale?"

Haligeuki palepale, mama. Kuna eneo katikati ambapo mchanganyiko unashikilia hali uliyoanza nayo, na upana wa eneo hilo ndio sura ya nne ya tasnifu yangu. Jumatatu naanza vipimo vya kuanzia upande wa maji. Kasema nimpigie jioni nimwambie limegeukia wapi.