Wino wa kidole
Oktoba 2014 nilikuwa darasa la tano, tunakaa Ngamiani, Tanga. Mwalimu alituambia kuna kampeni ya chanjo ya surua na rubela: kila mtoto kuanzia miezi 9 mpaka asiyetimiza miaka 15 anachomwa, tena anapewa na matone ya vitamini A na dawa ya minyoo. Mimi nilisikia sindano tu. Jamaa wa dawati la nyuma akaninong'oneza kwamba ni ndefu kama ile ya kushonea magunia.

Mama hakuwa mtu wa kukataa chanjo. Kadi zetu za kliniki alizitunza kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, na sote tuna kovu begani la chanjo ya kifua kikuu. Kwa hiyo nilihitaji neno zito la kumzuia. Nikalipata bombani, kwenye foleni ya ndoo: wanawake wawili wakisemezana kuwa safari hii imeletwa sindano ya kukata kizazi. Kizazi chenyewe sikukijua vizuri. Nilichojua ni kuwa mtu mzima akitajiwa hilo anashtuka. Nikalibeba hadi nyumbani na kulitia chumvi: nikasema hata mwalimu kasema.

Mama alikuwa anapika vitumbua. Kijiti kikamganda mkononi, kitumbua kikaungua upande mmoja. "Mwalimu kasema?" Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa hakina sauti, nilijiona kama sijadanganya sana.

Siku ya kuchanjwa sikwenda shule, na mdogo wangu wa miezi 10 akabaki mgongoni kwa Mama. Wenzangu walirudi wamepakwa wino kwenye kidole cha mwisho. Nisije nikachekwa, nikaazima kalamu ya wino mzito nami nikajipaka.

Kampeni ikielekea ukingoni, nesi mmoja akapita mtaani kwetu kuwatafuta waliobaki, sanduku la baridi likining'inia begani, miguu vumbi tupu. Mama alimjibu hodi akiwa kasimama katikati ya mlango. Nesi hakubishana naye. Aliomba maji, akakaa kibarazani, akayamaliza, ndipo akauliza, "Umesikia nini, mdogo wangu?"

Mama akamwambia.

"Basi rubela ndiyo inayoharibu mtoto tumboni," nesi akasema. "Mjamzito akiipata miezi mitatu ya mwanzo, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, au na mtoto wa jicho, au moyo wenye kasoro. Tunawachoma hawa wasije wakampelekea mwenye mimba. Habari ya kukata kizazi kakupa nani?"

Mama akageuka kunitazama. Nikaficha mkono nyuma, na hapo ndipo nilipojichongea. Nesi akauvuta, akalowesha pamba, akapangusa kidole mara moja. Wino ukatoka wote.

"Wa kwetu hautoki hivi," akasema, akacheka peke yake.

Mama hakucheka. Alimfungua mdogo wangu mgongoni, akakaa naye kibarazani.

Nesi akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na barafu, na kichupa kimoja kimechomekwa kwenye sponji. Alisema amekichanganya saa tatu asubuhi, na ikifika saa tisa anakimwaga hata kikiwa na dawa, kwa sababu ikishapita saa sita tangu kuchanganywa haifai tena. Zilibaki dakika chache. Sindano yenyewe ilikuwa nyembamba, fupi kuliko kidole nilichokuwa nimekipaka. Mdogo wangu alilia mpaka akapewa ziwa. Mimi sikulia, kwa aibu ile ningelilia nini?

Nesi alipoondoka nikangoja fimbo. Mama akafunga khanga vizuri, akasema, "Maneno yako nilishampelekea mama wa nyumba ya tatu. Ana watoto wawili. Nenda kayarudishe, yule nesi hajafika mbali."

Nikaenda mbio. Nilimkuta anachambua mchele, nikamwamkia, nikamweleza yote kwa pumzi moja, mpaka na habari ya mwalimu ambaye hakusema kitu. Akaweka ungo chini.

"Juzi inakata kizazi, leo haina neno," akasema. "Na kesho utaniletea lipi?"

Sikuwa na la kumjibu. Nikamwonyesha kidole, wino wa nesi ukiwa bado mbichi.