Tope la Naivasha na spika ya nganya

Nauli ya Naivasha hadi Nairobi siku ile ilikuwa shilingi 400, nami nililipa 800, kiti kimoja changu na cha pili cha tope. Sikupanga hivyo. Mwenye pikapu niliyekubaliana naye tangu Jumatatu alinipigia saa kumi na mbili asubuhi kunieleza kwamba mafuta yamepanda, niongeze 3,000. Sikuwa nazo. Mwenye mashua alikuwa ameshakula karibu zote, na chumba nilicholala Karagita kilikuwa na dirisha lisilofungika na bafu lisilojua maji ya moto. Ilikuwa Juni, na baridi ya Naivasha mwezi huo haimhurumii mtu wa Taveta.

Siku tatu za ziwani zilipita salama. Tulikaa juu ya maji kando ya kisiwa cha Crescent, penye kina kikubwa kuliko kwingine kote ziwani, tukashindilia bomba kwenye mashapo, tukalivuta. Basi.

Nilipanda matatu na vipande vinne vya bomba la plastiki, kila kimoja urefu wa mkono wangu, vimezibwa ncha zote mbili na kuchorwa mishale ya wino: mmoja unaonyesha juu, mwingine kaskazini. Mama aliyeketi kando yangu, mwenye gunia la viazi miguuni, aliitazama mishale ile mpaka tukafika Kinungi, kisha akauliza kama ni mbolea.

Nikamwambia ni tope la ziwa.

"Tope? Sisi hilo ziwa limetuletea tope mpaka kitandani."

Alikuwa wa Kihoto, mtaa wa kando ya ziwa. Maji yalipopanda 2020 nyumba yake ilizama, naye akahamia kwa dada yake, ambako anaishi mpaka leo. Nilimweleza kazi yangu kadiri nilivyoweza, na alivyokuwa akinikatiza kwa maswali, nilifika Limuru nikiwa ninaielewa vizuri zaidi kuliko nilipotoka.

Mvua ikinyesha kule milima ya Nyandarua, nilimwambia, mto Malewa unashusha udongo hadi ziwani. Ndani ya udongo huo mna chembe ndogo sana za madini ya chuma, hasa magnetaiti. Zinapozama taratibu kwenye maji yaliyotulia, zinafanya kama sindano ya dira, zinajipanga kufuata sumaku ya dunia. Tope la mwaka unaofuata linazifunika na kuzibana zisigeuke tena. Sasa, kaskazini ya sumaku haikai mahali pamoja, inahamahama karne kwa karne. Mwaka 1971 Mwingereza F. J. H. Mackereth alionyesha kwamba tope la ziwa Windermere, kwao Uingereza, lilikuwa limehifadhi kuyumba huko tabaka juu ya tabaka. Ukijua kuyumba huko kulitokea lini, unaweza kukisia umri wa tope lako. Ndiyo maana ya mshale wa kaskazini.

"Na mvua?" akauliza. Hiyo ndiyo iliyomleta kwenye mazungumzo.

Mvua inasomwa kwa kipimo kingine: tope linashika sumaku kwa wepesi gani. Mafuriko yakikwangua milima, chembe za chuma zinaingia ziwani kwa wingi na namba inapanda. Ziwa likitulia, tope lake likawa la mwani na majani yaliyooza, namba inashuka. Nikamwonya kwamba namba pekee inaweza kumdanganya mtu, kwa kuwa katika tope lililokosa hewa magnetaiti huyeyuka, na jivu la volkano kama Longonot nalo huja na chuma chake. Lazima uangalie pia chavua na maganda ya mwani ndipo useme neno.

Akataka kujua kama maji yatarudi nyuma, na lini. Hilo sikuweza kumjibu. Nilimweleza tu yale ambayo mtafiti Dirk Verschuren na wenzake walichapisha mwaka 2000 kutokana na tope la kisiwa kile kile: kwamba kati ya mwaka 1000 hivi na 1270 nchi hii ilikuwa kavu kuliko leo, halafu ikaja mvua iliyoendelea hadi karibu 1850, ikikatizwa na vipindi vitatu vya ukame, cha mwisho kuanzia 1760 hadi 1840. Vipindi hivyo walivilinganisha na habari za njaa na kuhama zilizosimuliwa na wazee wa Afrika Mashariki, vikaoana.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Kwa hivyo waliotuuzia ploti walijua?"

"Hawakujua, mama."

"Wazee walijua."

Gari lilizima Uthiru. Moshi, harufu ya mpira ulioungua, watu chini. Konda alikataa kurudisha hata shilingi, badala yake akasimamisha matatu nyingine, nganya iliyokuwa ikielekea mjini na kumlipa konda wake atubebe. Kiti cha tope nilichokilipia kikaishia hapo, hakuna aliyetaka kusikia habari zake. Nganya yenyewe ilikuwa imechorwa kila mahali, taa za rangi ndani mchana kweupe, na muziki unaoingilia mbavuni.

"Mkubwa, hizo paipu haziwezi kaa kwa njia. Leta niziweke huko nyuma."

Nikampa. Hofu yangu yote ilikuwa wizi, na niliona kwamba nyuma hakuna mlango wa mtu kutokea. Yule mama alibanwa kando yangu tena, gunia lake mapajani. Kangemi tukakwama. Dakika ishirini, thelathini, magari hayasogei, muziki haupungui. Akaniuliza, akipaza sauti sikioni mwangu, nimwonyeshe hiyo kaskazini niliyokuwa nikiihubiri tangu Kinungi.

Nikatoa dira mfukoni nikailaza kiganjani. Tulikuwa tunaelekea mjini, kwa hiyo kaskazini ilipasa kuwa kushoto kwetu, upande wa Loresho. Sindano ilielekea nyuma.

"Kwani kaskazini iko huko?"

Ndani ya gari la chuma dira haiaminiki, hilo nalijua. Lakini niliinuka, nikaisogeza kuelekea kiti cha mwisho, na kila hatua sindano iling'ang'ania zaidi, mpaka ikasimama kimya ikielekea chini ya kiti. Nikainama. Kulikuwa na spika kubwa kama sufuria ya harusi, na mabomba yangu yamelazwa juu yake, la tatu limegusana na mgongo wake kabisa, pale sumaku inapokaa.

Sijui nilipiga kelele gani. Nakumbuka watu wakigeuka, na konda akining'inia mlangoni akiniambia niketi. Nikamwambia atoe mzigo wangu. Akasema gari likisimama. Gari lilikuwa limesimama nusu saa nzima!

"Si ni matope tu?"

Zile chembe zilikuwa zimekaa zilivyokaa karne kwa karne, hakuna tetemeko wala mafuriko yaliyozigeuza, na safari ya kutoka Uthiru kwenda Westlands ilitosha kuziambia kaskazini ni spika. Nilijaribu kumweleza. Muziki ulikuwa juu. Aliyeokoa mambo ni yule mama. Alisimama na gunia lake, akamwambia kijana huyo kwa Kikuyu maneno ambayo sikuyaelewa, na konda akapita kimya kati ya viti, akayavuta mabomba moja moja, akanipa. Nikayapakata mpaka Westlands. Nilipokuwa nikishuka mama alinipa viazi vitano kwenye mfuko wa karatasi. Sikumuuliza jina.

Kutoka Westlands kushuka kuelekea Chiromo, kwenye maabara, si mbali, lakini si kwa mtu aliyebeba mabomba manne ya tope. Mwenye mkokoteni alinitoza 300, nami nililipa bila kubishana.

Jioni tuliyapitisha mabomba kwenye pete ya kipimo, sentimita mbili kwa mbili. Namba zilikuja vizuri, hata za bomba la tatu, kwa sababu wepesi wa tope kushika sumaku hautegemei chembe zimeelekea wapi. Habari ya mvua imesalimika. Habari ya kaskazini itapimwa baadaye kwenye mashine nyingine, na kabla ya hapo tope litaoshwa: linawekwa kwenye uga wa sumaku unaogeuka huku na huku, kisha unapunguzwa polepole hadi sifuri, ili sumaku changa iliyoingia garini iachie ile ya kale. Huenda ikaachia. Nimechora mstari mwekundu kwenye bomba la tatu, karibu sentimita thelathini, nikaandika SPIKA. Bomba la kwanza, lenye tope laini la juu, limetikiswa pia, na hilo kuoshwa hakutalisaidia.

Nilikaa maabara mpaka giza likaingia. Nilikuwa nikiwaza Ziwa Chala, nyumbani, ambako mwaka 2016 walichimba tope la mita 215, la miaka kama 250,000. Tope la Chala limejipanga kwa mistari myembamba, mweupe na mweusi, jozi moja kwa mwaka. Mweusi ni wa mvua. Mweupe unalala kati ya Juni na Septemba, upepo wa kusi unapoyapoza na kuyavuruga maji ya ziwa mpaka mwani wenye maganda meupe ukastawi. Ni ule ule upepo ambao bibi yangu amegombana nao maisha yake yote kwa sababu ya jiko lake lisilo na ukuta mmoja. Tangu nianze kazi hii sijawahi kumwambia.

Niliyaweka mabomba kwenye jokofu, mbali na mota, nikampigia simu. Nikamuuliza kama kusi imeanza.

"Imeanza juzi," akasema. "Majivu yamejaa kwenye ugali."